Jinsi ya kupima na kupunguza athari za uvuvi wa kisayansi kwa samaki wa pwani za Antaktika na Aktiki

Maombi mengi ya kibali cha utafiti hutoa hoja moja: samaki watakaovuliwa kwa ajili ya sampuli ni wachache mno wakilinganishwa na ukubwa wa bahari, kwa hiyo hakuna kitakachoathirika. Hoja hii hugawanya kwa namba isiyohusika. Samaki wa pwani za ncha za dunia hawatawanyiki bahari nzima. Notothenia coriiceps mkubwa hukaa kwenye miamba na mwani wa eneo dogo, na anaweza kukamatwa leo na kukamatwa tena mwaka ujao karibu na pale pale. Wavu unaotegwa mbele ya kituo kila kiangazi huchota kutoka ghuba moja, tena mara nyingi kutoka upande mmoja tu wa ghuba hiyo. Samaki 40 si kitu kwa Bahari ya Kusini, lakini kwa ghuba ndogo wanaweza kuwa sehemu kubwa ya wazazi waliopo. Ndiyo maana hesabu zote hapa chini zinafanywa kwa ghuba.

Kwa nini samaki hawa hawavumilii kuvuliwa

Maji ya nyuzi −1.9 hadi +2 hukuza samaki polepole. N. coriiceps hutaga kuanzia karibu mwezi wa nne hadi wa sita, mayai yenye kipenyo cha takriban milimita 4.5, na mayai hayo huchukua miezi kuanguliwa. Yai kubwa maana yake ni mayai machache kwa kila jike. Jike anayevuliwa Januari, mayai yakiwa bado yanakua tumboni, huondoka na uzazi wake wote wa mwaka huo.

Ndugu yake, Notothenia rossii, ana maisha ya sehemu mbili. Wachanga huishi miaka yao ya mwanzo katika mwani wa fiodi (ghuba ndefu nyembamba), kisha wakikaribia kukomaa huhamia nje, kwenye kina kirefu, walipo wakubwa. Katika msimu wa 1969/70 meli za uvuvi zilitoa karibu tani 400,000 za aina hii kuzunguka South Georgia, na miongo ikapita bila kundi hilo kurudi lilivyokuwa. Wachanga walioko ndani ya fiodi ndio wanaolijaza upya kundi la nje, na ndio hao hao wanaonaswa na wavu wa mtafiti.

Halafu kuna wanaolinda viota. Harpagifer antarcticus hulinda mayai yake kwa miezi, na mlinzi akiondolewa bila samaki mwingine kuchukua nafasi yake, mayai huota kuvu au huliwa. Upande wa Aktiki, dume wa Myoxocephalus scorpius hulinda mayai vivyo hivyo. Kwa aina kama hizi, andika mlinzi mmoja aliyevuliwa kuwa ni samaki mmoja na kiota kimoja.

Daftari moja kwa kila ghuba

Kabla ya kukadiria chochote, jua ni wangapi waliokwisha kutolewa. Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu kila mradi huhesabu samaki wake wenyewe na tena huhesabu wale tu walioingia maabara. Daftari liwe la ghuba, wala lisiwe la mradi. Kisiwa cha King George, Antaktika, kina vituo vya nchi kadhaa, na samaki hajui mpaka wa ratiba za vituo hivyo.

Kwa kila utegaji andika tarehe, mahali, kina, aina ya wavu na urefu wake, saa ulipoingia majini na saa ulipotoka. Kwa kila samaki andika aina, urefu wote kwa milimita, uzito, jinsia na hatua ya ukomavu kama zinajulikana, na mwisho wake: amehifadhiwa, amerudishwa akiwa mzima, amerudishwa akiwa taabani, amekufa wavuni, ameliwa wavuni. Waliorudishwa wakiwa taabani wahesabiwe kuwa wamekufa. Usiwasahau waliokufa kwenye pipa la maji, waliotumika kuwa chambo, waliochukuliwa na wapiga mbizi, na mizoga iliyokutwa imebaki ngozi na mifupa. Amfipodi, hao vijidudu wanaofanana na uduvi mdogo, wanaweza kumla samaki aliyenaswa akabaki ganda katika saa chache, na wavu ulioachwa usiku kucha chini hutoa takwimu mbovu na kuua bila faida.

Kukadiria idadi iliyopo

Njia inayofaa kwa samaki wasiohama ni kutia alama na kukamata tena. Vua kwa madema au kwa mshipi, pima, tia alama ya plastiki yenye umbo la T chini ya pezi la mgongoni, rudisha pale pale ulipomtoa. Subiri wiki moja au mbili wachanganyike, kisha vua tena. Tumia kanuni ya Chapman:

N = (M + 1) × (C + 1) ÷ (R + 1) − 1

M ni waliotiwa alama, C ni wote waliokamatwa mara ya pili, na R ni wale wenye alama miongoni mwa hao. Tuchukue M = 120, C = 90, R = 14. Jibu ni 121 × 91 ÷ 15 − 1, yaani samaki 733. Usiishie hapo. Kosa sanifu hupatikana kwa kipeuo cha pili cha (M+1)(C+1)(M−R)(C−R) ÷ [(R+1)² × (R+2)], ambacho katika mfano huu ni 157. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 ni kuanzia 425 hivi hadi 1,041 hivi. Namba ya kufanyia maamuzi ni 425, ule mpaka wa chini. Anayetumia 733 anawabebesha samaki kosa la makadirio yake.

Makosa mengi ya njia hii huelekea upande mmoja, ule wa kukuonyesha samaki wengi kuliko waliopo. Alama ikidondoka, R hupungua na N hupanda. Mwenye alama akifa kwa kushikwa vibaya, R hupungua na N hupanda. Tia theluthi moja ya samaki alama mbili. Idadi ya watakaorudi na moja tu itakuonyesha kasi ya kudondoka. Na R ikiwa chini ya 7, usitoe kadirio, ongeza juhudi ya kukamata.

Kama hukutia alama, wavu wenyewe unaweza kukuambia jambo. Tega wavu ule ule, mahali pale pale, kwa saa zile zile, siku nne au zaidi mfululizo, kisha tazama mavuno yanavyoshuka kadiri samaki wanavyotolewa. Chukua mavuno ya 12, 10, 9 na 7. Jumla ya waliokwisha kutolewa kabla ya kila utegaji ni 0, 12, 22 na 31. Chora mavuno wima na jumla hiyo mlalo, pitisha mstari mnyoofu: unashuka kwa 0.155 kwa kila samaki, na unaanzia 12.0. Gawanya 12.0 kwa 0.155 upate takriban 78. Hao ndio samaki waliokuwa ndani ya uwezo wa wavu huo siku ya kwanza. Umetoa 38, yaani karibu nusu yao, ndani ya siku nne. Hesabu hii ya dakika kumi inatosha kuonyesha kwa nini kauli ya "wachache mno" haifai kuandikwa bila kipimo.

Ina sharti lake: samaki wasiwe wanaingia wala kutoka katika siku hizo. Dhoruba, vipande vya barafu vinavyosukumwa ghubani na sili anayezunguka wavu hubadilisha mavuno bila kubadilisha idadi. Mstari usiposhuka kabisa, ama samaki wapya wanaingia kutoka pembeni, ama juhudi yako ni ndogo mno kuonekana. Usichukulie mstari bapa kuwa ushahidi kwamba hakuna athari.

Kuweka kikomo

Kikomo hupimwa dhidi ya vifo vya asili. Kama huna kipimo cha moja kwa moja, kanuni ya Hoenig hutumia umri mkubwa kabisa uliopatikana katika aina hiyo: kasi ya vifo = e^(1.46 − 1.01 × ln umri). Kwa samaki anayefikia miaka 20, kasi ni takriban 0.21 kwa mwaka, sawa na vifo vya asilimia 19. Tunapendekeza jumla ya watakaouawa na tafiti zote katika ghuba isizidi sehemu moja ya kumi ya hapo, yaani asilimia 1.9 ya mpaka wa chini wa idadi. Kwa ghuba ya mfano wetu, hao ni samaki 8 kwa mwaka. Si 8 kwa kila mradi, bali kwa ghuba nzima.

Namba hiyo huwashtua wengi waliozoea kupanga 40 au 60. Wakiuawa 40, hiyo ni asilimia 9 ya mpaka wa chini, karibu nusu ya vifo vya asili vinaongezwa juu ya vifo vya asili. Na angalia mtego uliomo katika kanuni: sampuli ndogo huwakosa wazee, umri mkubwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo, kasi ya vifo inapanda, na kikomo kinalegea. Tumia umri mkubwa uliothibitishwa popote kwa aina hiyo, usitumie wa ghuba yako pekee.

Kutenganisha athari yako na ya meli za uvuvi

Mavuno yakishuka mwaka hadi mwaka, nani amesababisha? Katika Potter Cove, kisiwa cha King George, watafiti wa Argentina walioko kituo kinachoitwa sasa Carlini wamekuwa wakifuatilia samaki wa pwani kwa nyavu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanachotumia ni kulinganisha aina mbili zinazoingia wavu mmoja. N. rossii wakubwa walivuliwa sana na meli nje ya pwani, N. coriiceps hawakuguswa kwa kiwango hicho. Uwiano kati ya hizo mbili ulishuka baada ya uvuvi wa mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye N. rossii wakaanza kuongezeka tena. Uvuvi unaolenga samaki wa mapezi katika eneo hilo, linalohesabiwa kama eneo dogo la 48.1, ulifungwa na CCAMLR, tume ya kimataifa ya kuhifadhi viumbe wa bahari ya Antaktika, tangu msimu wa 1990/91.

Mantiki hiyo hiyo ikusaidie kujichunguza. Wavu wa utafiti hupiga aina zote mbili. Aina moja ikishuka na nyingine ikabaki, tafuta sababu nje ya ghuba. Zikishuka zote mbili karibu na kituo huku ghuba ya jirani isiyovuliwa ikiwa haijabadilika, sababu iko kwako. Kwa hiyo lazima pawepo ghuba ya kulinganisha, yenye kina na mwani unaofanana, inayopimwa kwa kamera au kwa kukamata na kurudisha, bila kuua. Bila ghuba hiyo, mabadiliko ya barafu na ya joto la maji yatachanganyika na athari zako, wala hakuna takwimu itakayoyatenganisha baadaye.

Wengine hushauri kuhamisha nyavu kila mwaka ili kupumzisha ghuba. Kwa miradi ya muda mfupi, sawa. Kwa mfululizo wa miaka mingi si vizuri, kwani ukihama umevunja kile kinachokupa thamani. Afadhali ubaki pale pale na kupunguza wanaouawa, kisha wanaohitaji samaki kwa majaribio ya damu au misuli wakavue mahali pengine.

Wangapi wanatosha

Usahihi wa wastani hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kama urefu hutofautiana kwa sentimita 5, samaki 100 hutoa kosa la sentimita 0.5, na samaki 200 hutoa 0.35. Umeua mia zaidi kwa ajili ya milimita moja na nusu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba samaki wa wavu mmoja hufanana. Gawanya idadi kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni samaki kwa kila wavu na r ni kiwango cha kufanana. Kwa r ya 0.1, samaki 100 kutoka nyavu mbili wana thamani ya samaki 17 tu. Samaki 100 wale wale kutoka nyavu kumi wana thamani ya 53. Utegaji mwingi wa muda mfupi hukupa habari zaidi kwa vifo vichache, na huo ndio mpango wa kufuata hata kama unachosha wafanyakazi wa boti.

Zana na namna ya kuzitumia

Wavu wa tabaka tatu hutumika sana kwa sababu hunasa saizi nyingi, lakini huua wengi na huwapendelea wakubwa, ambao mara nyingi ni majike. Ukilazimika kuutumia, uwe mfupi, mita 25 badala ya 50, na ukae majini saa chache huku mtu akiuangalia. Usitege pale pengwini au mnandi wanapopiga mbizi, wala barafu inapoelea kuelekea ufukweni: kipande kimoja kinaweza kuuburuta wavu mzima, na wavu uliopotea katika maji haya ya baridi utaendelea kuua muda mrefu sana. Weka boya kila mwisho, kamba inayozama katikati, na uandike mahali kwa GPS kabla boti haijaondoka. Hali ya hewa ikiwa na shaka, usitege.

Dema hutoa samaki hai. Funga sehemu moja ya dema kwa uzi wa pamba usiotiwa dawa, ili likipotea uzi uoze na mlango ufunguke. Mshipi wenye ndoana isiyo na kipingo ni bora zaidi kwa kutia alama. Katika McMurdo Sound, Antaktika, samaki wakubwa wa aina ya Dissostichus mawsoni walivuliwa kwa kamba na ndoana kupitia matundu ya barafu tangu miaka ya 1970, zaidi ya 5,000 kwa jumla, na sehemu kubwa walipimwa, wakatiwa alama na kurudishwa.

Notothenidi, yaani Notothenia na jamaa zake, hawana kibofu cha hewa, kwa hiyo hawavimbi wakipandishwa kutoka kina kirefu, na kuwarudisha kunawezekana. Boreogadus saida wa Aktiki anacho, na akipandishwa haraka huumia. Kwake huyo, kurudisha si suluhisho. Samaki wa jamii ya Channichthyidae, wasio na himoglobini, hawafai kabisa kwa wavu wa muda mrefu.

Kinachowaua wengi baada ya kukamatwa ni hewa na joto. Protini zao huzuia barafu mwilini wakiwa ndani ya maji ya −1.9, lakini hewa ya nyuzi −10 yenye upepo hugandisha macho na matamvua mara moja. Upande wa pili, baadhi ya notothenidi wa McMurdo hufa maji yakifika takriban nyuzi 6, na pipa jeusi juani hufika hapo mapema. Tumia pipa jeupe lenye kifuniko, badilisha maji kila dakika 15 au 20, pima joto lake, lisizidi nyuzi 1. Lowesha mikono na ubao wa kupimia kwa maji ya bahari. Samaki asikae hewani zaidi ya sekunde 30. Mwenye matamvua yaliyochanika au jicho jeupe asirudishwe kwa matumaini. Muue kwa dawa ya ganzi ya kipimo cha juu, kata uti, mwingize kwenye hesabu ya samaki 8.

Anayekufa atumike wote

Panga kabla ya kuvua nani anataka nini. Kwa utaratibu huu: pima urefu na uzito, piga picha, kata kipande cha pezi kitie kwenye ethanoli ya asilimia 96, chukua damu, kisha pasua. Andika jinsia na hatua ya ukomavu kwa mizani ya hatua tano, pima uzito wa tezi za uzazi na wa ini, hifadhi tumbo zima, hesabu vimelea, toa otolithi (vijiwe vya sikio vinavyosomwa umri) zote mbili uzikaushe kwenye bahasha yenye namba ile ile ya daftari, na weka misuli kwenye −80. Namba moja kwa samaki mmoja, milele. Otolithi isiyo na namba ni samaki aliyekufa bure.

Mengi ya haya hayahitaji kifo. Magamba machache kutoka chini ya pezi la mgongoni yametumika kusoma umri wa Notothenia. Chakula hupatikana kwa kusukuma maji taratibu tumboni. Matapishi ya mnandi wa Antaktika hujaa otolithi za samaki wa pwani, na kwa kuyakusanya nje ya makoloni unapata orodha ya aina na saizi bila wavu. Kumbuka tu kurekebisha hesabu, kwani otolithi ndogo huyeyuka tumboni mwa ndege. Na samaki waliokwisha kufa kwa sababu nyingine wana thamani kubwa. Umri wa papa wa Greenland, uliotangazwa mwaka 2016, ulipatikana kwa kupima lenzi za macho za majike 28 walionaswa katika uvuvi uliolenga samaki wengine. Mkubwa kuliko wote alikadiriwa miaka 392, na kosa la miaka 120 kila upande.

Kibali na taarifa

Katika Antaktika, Itifaki ya Mazingira iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991 inataka tathmini ya athari kabla ya kazi, na kipimo chake ni kama athari ni ndogo au ya kupita. Jibu swali hilo kwa namba tatu: mpaka wa chini wa idadi ya ghuba, jumla ya watakaouawa na tafiti zote, na asilimia inayotokana nazo. Tume ya CCAMLR nayo hupokea taarifa za uvuvi wa utafiti. Peleka jumla kamili pamoja na waliokufa wavuni.

Andika pia ndani ya mpango ni lini kazi inasimama: kikomo cha ghuba kikifikiwa, au mavuno kwa saa yakishuka chini ya nusu ya utegaji wa kwanza, nyavu zinatolewa siku hiyo hiyo, hata kama meza ya maabara bado ina nafasi. Mpe mamlaka hayo mtu mmoja asiyesubiri sampuli yoyote.